Fimbo ya Maili Themanini

Nathanaeli Mkumbo alikuwa ameifunga reli ya serikali peke yake, bila bunduki wala barua, kwa kijiti kisichozidi urefu wa mkono wa mtoto. Hivyo ndivyo alivyoamini kwa miaka tisa, na pale Maili Themanini hapakuwa na mtu wa kumbishia. Mtu aliyefanya jambo kama hilo hana budi kutembea polepole, na yeye alitembea polepole. Hana budi kukohoa kidogo kabla ya kusema, naye alikohoa. Barazani kwa jumbe alikuwa na kigoda chake mwenyewe, karibu kabisa na mlango, ingawa ng'ombe wake hawakuzidi watatu na mmoja kati yao alikuwa kipofu.

Tuanze na reli yenyewe, maana wengi wenu hamkuiona. Waingereza waliitandaza kutoka Manyoni, ikapita Singida mjini, ikaenda kufia Kinyangiri huko Iramba. Walitumaini kwamba karanga na mtama wa watu wa huku vingejaza mabehewa. Havikujaza. Treni ilikuja Jumatatu na Alhamisi, imebeba magunia ya kuhesabika, mbuzi wenye hofu, na abiria ambao nusu yao walipanda ili siku moja waseme wamepanda. Katikati ya Singida na Kinyangiri palikuwa na stesheni ndogo ambayo hakuna aliyehangaika kuitafutia jina, ikabaki kuitwa kwa idadi ya maili zake kutoka Manyoni. Ilikuwa chumba kimoja cha mawe, tangi la maji, na watu wawili.

Mtu wa kwanza alikuwa mkuu wa stesheni, Babu Rajabali, aliyeitwa Babu si kwa uzee bali kwa ukarani, Mhindi mwembamba, mpole, aliyefuga kuku kumi na mmoja na kuwapenda kuliko abiria. Wa pili alikuwa Nathanaeli, mshika bendera. Kazi ya bendera ilikuwa rahisi, hata mbuzi wangeielewa. Iliyokuwa kazi hasa ni ile ya fimbo.

Njia ilikuwa moja tu, na treni mbili zikikutana juu ya njia moja hakuna ya kuipisha nyingine. Kwa hiyo kila kipande cha njia kilipewa fimbo yake moja, ya mti mgumu, yenye bamba la shaba lililochongwa majina ya stesheni mbili. Dereva asiyekuwa na fimbo ya kipande hicho mkononi hakuruhusiwa kusogeza hata gurudumu moja. Treni ilipotoka Kinyangiri, dereva alimrushia Nathanaeli fimbo ya Kinyangiri, naye akaenda kuitundika kwenye msumari wake ndani, kisha akamkabidhi dereva fimbo ya Singida. Alifundishwa hayo pamoja na wenzake kwa siku tatu, na aliyewafundisha alimaliza kwa kuwaambia kwamba hata Mfalme mwenyewe akiwa amekaa ndani ya behewa, bila fimbo treni haiendi. Wenzake walilisahau neno hilo kabla ya chakula cha mchana. Nathanaeli alilimeza zima zima. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na tangu azaliwe alikuwa hajashika kitu ambacho Mfalme angelazimika kukisubiri.

Kwamba njia ile yote ilikuwa na treni moja tu, ambayo hata ingependa isingeweza kugongana na yenyewe, hilo halikumpunguzia raha.

Aliipenda fimbo ile ya Kinyangiri, na hapo ndipo lilipoanzia kosa lake. Muda si mrefu baada ya vita vya Hitla kwisha, Jumatatu moja, treni ilipokwisha kuirudisha fimbo, Nathanaeli aliivingirisha ndani ya koti lake akaenda nayo nyumbani. Hakuwa na nia ya kuiba. Alitaka kuing'arisha shaba yake kwa majivu na mafuta ya nyonyo, akae nayo siku mbili tatu, kisha aitundike kabla ya treni ya Alhamisi.

Jumatatu hiyohiyo Babu Rajabali aliondoka kwenda likizo. Nathanaeli alimsaidia kupakia. Walipakia masanduku mawili, kitanda, jiwe la kusagia bizari, picha ya marehemu baba yake Babu ndani ya fremu yake ya kioo, na kuku wote kumi na mmoja ndani ya matenga. Nathanaeli aliyanyanyua matenga yale moja baada ya jingine, akawaza kwamba Wahindi ni watu wasioweza kusafiri bila starehe zao. Babu alifunga chumba kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akamshika Nathanaeli mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapanda. Raheli, mke wa Nathanaeli, alikuwa palepale na sinia lake la viazi vya kuchemsha vya kuwauzia abiria. Yeye aliwatazama wale kuku mpaka behewa la mwisho lilipopinda na kupotea.

Alhamisi treni haikuja.

Nathanaeli alishinda ameketi mbele ya mlango uliofungwa, fimbo imefichwa chini ya shati, bendera magotini. Msumari ulikuwa ndani na ufunguo ulikuwa likizo. Jumatatu treni haikuja tena, na ndipo alipoelewa. Wakubwa walikuwa wamejua. Namna walivyojua hakuweza kuieleza, lakini waya wa simu ulipita juu ya paa la tembe lake, na waya ule hakuwahi kuuamini. Kule Singida, aliona wazi kabisa akilini mwake, dereva alikuwa amekunja mikono na kusema: fimbo ya Kinyangiri haipo mahali pake, siendi. Na sheria ilikuwa upande wake.

Baada ya mwezi walikuja watu wa kung'oa reli. Treni yao ilipita ikielekea Kinyangiri, na dereva wake hakuomba fimbo wala kutazama pembeni. Nathanaeli alisimama na bendera yake ya kijani kwa aibu, kwa kuwa tangu aanze kazi hakuwahi kuona treni ikipita mikono mitupu. Wamesubiri fimbo mpaka wamechoka, akajiambia, sasa wanaiondoa njia yenyewe. Wakaiondoa, kutoka mwisho kuja mwanzo, kama mtu anayekunja mkeka wake baada ya wageni kukataa kuja.

Alimwambia Raheli peke yake. Ilikuwa wakati wa kupura mtama. Alimwapisha kwa Biblia ya kanisani kwao kwamba hatamwambia mtu. Raheli alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kupiga masuke, akasema amesikia. Jumapili iliyofuata usharika mzima ulikuwa unajua, kuanzia mwinjilisti mpaka vizee visivyosikia vizuri. Nathanaeli alimkasirikia mkewe siku mbili, akakataa hata mlenda aliokuwa akiupenda. Siku ya tatu Jumbe Alute, mzee mzito asiyempisha mtu yeyote njiani, alisimama alipomwona akija, akaagiza aletewe kigoda. Hasira ikamwishia hapohapo.

Nisiseme kwamba walimsamehe. Magunia sasa yalikwenda Singida juu ya punda au kwa lori la kubahatisha, na kila gunia lililoloana njiani lilihesabiwa kuwa lake. Wanawake waliokuwa wakiuza viazi stesheni walimsalimia huku wakitazama kando. Lakini lawama nayo ina kimo chake. Kulaumiwa kwa kuku aliyepotea ni aibu. Kulaumiwa kwa reli ya Mfalme ni cheo. Nathanaeli, aliyeachwa bila kazi na bila hata karatasi ya kumwambia kwamba ameachwa, alikaa juu ya cheo hicho kwa uchungu wa kweli na kwa raha ambayo asingethubutu kuikiri mbele ya mwinjilisti.

Kutoka kwenye fimbo ile ndipo ulipoanza ugonjwa wake wa kukusanya.

Aliokota kwanza vilivyoachwa na wale wang'oaji: taa yenye kioo chekundu upande mmoja na cha kijani upande wa pili, uso wa saa usio na mishale, kibao cha bati kilichokataza kutema mate kwa lugha tatu. Kisha akaanza kutafuta. Aliposikia kwamba kuna mzee huko Kinyangiri aliyebaki na tikiti ya daraja la tatu, alitembea siku nzima kumfuata, akamkuta anaitumia kuchokonolea meno. Alimpa jogoo. Mzee alidhani anadhihakiwa, akataka kumpiga; baadaye alimpokea yule jogoo haraka kabla mgeni hajapata akili. Nathanaeli alirudi na kile kipande cha kadibodi chenye alama za meno ndani ya kitambaa safi, na njia nzima aliimba nyimbo za Pasaka ingawa ulikuwa mwezi wa nane.

Furaha hiyo asiyekusanya haelewi, na mimi sina haja ya kumwelewesha. Raheli hakuielewa, lakini alimpa ukuta mzima wa tembe, ule wa ndani usioingia mvua, akaacha kuegemeza vibuyu vyake pale. Kila Jumapili baada ya ibada Nathanaeli alivishusha vitu vyake kimoja kimoja, akavipangusa, akavirudisha kwa mpango mwingine, halafu akarudi nyuma hatua tatu kuvitazama. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Jumbe mwenyewe aliwahi kunyoosha kidole kwenye filimbi, akakoholewa.

Rafu ya chini kabisa ilikuwa ya treni za watoto. Wachunga ng'ombe wa pale walizoea kufinyanga treni kwa udongo wa kichuguu na mabua ya mtama, na kila baada ya mavuno Nathanaeli alichagua moja iliyo bora, akailipia kwa kipande cha sukari guru, akauandika mwaka wake tumboni kwa mkaa. Zile za mwanzo zilikuwa treni kweli, na bomba la moshi na magurudumu. Lakini miaka ikaenda, waliokuwa wameiona wakakua na kuoa, na waliobaki kufinyanga wakawa wale walioisikia tu kwa kaka zao. Mwaka wa nne treni ilikuwa na masikio. Mwaka wa sita ilikuwa na nundu na kiwele, maana waliambiwa kwamba hunywa maji mengi, hupumua kwa nguvu na hulia ikikaribia nyumbani. Mwaka wa nane ilikuwa imekunja miguu inacheua. Mbele ya kila moja, tangu ile ya tatu, alisimama mtu mdogo wa udongo ameshika kijiti, na mtu huyo alikuwa akikua. Kufikia ya nane alikuwa ameipita treni kwa kichwa na mabega.

Nathanaeli aliona makosa yote yale ya masikio na viwele, akayasikitikia kama mtaalamu. Katika yule mtu hakuona kosa.

Mwaka wa tisa walikuja Wazungu wawili na chombo chenye miguu mitatu. Walichungulia ndani yake, wakachomeka vijiti vyekundu, wakanyoosha mnyororo juu ya nyasi palepale ilipopita reli. Walikuwa wakitafuta mahali pa kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe, na mtu yeyote angewauliza wangemwambia. Hakuna aliyewauliza. Kijiji kizima kilitazama vile vijiti vyekundu na kufikia uamuzi mmoja kwa wakati mmoja: reli inarudi, na inatafuta fimbo yake.

Baraza lilikaa siku mbili. Damiani, mzee wa kanisa mwenye maneno machache na magunia mengi, alisema kwamba reli ikirudi na kuikosa fimbo kwa mara ya pili, haitakuja tena mpaka kiama. Jumbe Alute alisema Nathanaeli ni mtu wao na hakuna anayetaka afungwe, lakini kufungwa kwa mtu mmoja na kufungwa kwa njia ya watu wote si kitu kimoja. Wote walimgeukia. Nathanaeli alikohoa. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alikohoa kwa sababu alihitaji kukohoa. Akasema ataipeleka Manyoni kwa mikono yake.

Alirudi nyumbani akamweleza mkewe kwamba kwa wizi wa fimbo ya serikali hawezi kupata chini ya miaka saba. Alitaka kumwona akilia, tuseme kweli. Raheli alimfungia michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga za kukaanga ndani ya kitambaa, akamkumbusha kupitia Singida dukani kumnunulia sindano wakati wa kurudi. Nathanaeli alikitazama kile kifurushi. Kilikuwa chakula cha siku tatu. Kwa mwanamume anayekwenda kukaa miaka saba, aliona mkewe amembania, na jambo hilo lilimuuma njia nzima mpaka Singida, na ndani ya lori mpaka Manyoni, kuliko hata hofu ya jela. Fimbo aliipakata kifuani. Shaba yake iling'aa kwa mafuta ya miaka tisa, na utingo alimuuliza kama ni dawa.

Manyoni treni bado zilipita, zile za njia kuu. Aliingia ofisi aliyoonyeshwa, akatoa kofia, na nyuma ya meza akamkuta Babu Rajabali. Alikuwa amepata mvi na miwani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ee, Nathanaeli. Kumbe uko hai."

Nathanaeli aliiweka fimbo mezani, akarudi hatua moja, akaunganisha viganja vyake mbele kama alivyoona wafungwa wakifanya. Kisha alisema yote: koti, majivu, mafuta ya nyonyo, Alhamisi, msumari, ufunguo. Alisema kwamba hakukusudia kufunga reli ya mtu. Alisema anaomba tu wakati wa kufungwa asipelekwe mbali sana, ili mkewe aweze kufika. Babu Rajabali aliigeuzageuza fimbo, akalisoma bamba, akavua miwani na kuifuta, akaivaa tena. Hakucheka, na hilo lazima ahesabiwe wema.

"Nathanaeli," alisema, "barua ya kufunga njia niliipata miezi miwili kabla. Wewe mwenyewe ulinipakilia kuku. Ulidhani nawapeleka wapi kuku kumi na mmoja?"

"Likizo, Babu."

Babu alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba aliagizwa asiwaambie wafanyakazi mpaka karatasi zao zije, na kwamba alidhani ya Nathanaeli ilikuja. Haikuja. Nathanaeli alisikia maneno hayo kwa mbali, kwa sababu bado alikuwa akitafuta mahali pa kusimama. Aliuliza kama haiwezekani barua ile iliandikwa na mtu aliyehisi kwamba fimbo itapotea. Babu alisema hapana. Aliuliza kama dereva hakusema lolote. Dereva, alijibu Babu, alikuwa amekwisha kuhamishiwa Tabora na alifurahi sana.

"Basi ilifungwa kwa sababu gani?"

"Karanga," alisema Babu Rajabali. "Hazikutosha."

Nathanaeli alisimama pale akiwa hana hatia hata moja, na sijui kama Manyoni iliwahi kumwona mtu aliyeumia zaidi kwa kuachiliwa. Miaka tisa ya uchungu, kigoda cha karibu na mlango, mtu yule wa udongo aliyeipita treni kwa kichwa: vyote vilikuwa vya karanga. Na karanga zenyewe alikuwa nazo kwenye kifurushi. Kwa kukosa la kufanya akakifungua, akamkaribisha Babu, wakala wote wawili mpaka Babu alipoinuka kusogeza dirisha kwa ajili ya joto.

Hapo ndipo Nathanaeli alipoiona. Dirisha lile lilikuwa limewekewa kijiti cha kulizuia lisijifunge, kijiti cha mti mgumu chenye bamba la shaba lililooza rangi na kumwagikiwa wino. Hakuhitaji kulisoma bamba. Ilikuwa ile fimbo nyingine, ya Singida na Maili Themanini, aliyokuwa akiwakabidhi madereva kwa mkono wake. Moyo uliokuwa umelala ukainuka na kukaa. Kwa miaka tisa, kila Jumapili, alikuwa ameacha nafasi tupu upande wa kushoto wa ukuta, bila kujua anamwachia nani.

"Babu," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwingine, ile ya aliyemfuata mzee wa tikiti kwa mwendo wa siku nzima. "Hicho kijiti cha dirisha unakihitaji?"

Babu Rajabali alikitazama kile kijiti, akaitazama fimbo iliyong'aa mezani, akamtazama mtu aliyeleta michembe ya kwendea jela. Akakitoa dirishani, akaweka rula mahali pake, akampa. Ile ya mezani akairudisha pia, akasema ofisi haina msumari wake.

Nathanaeli alifika Maili Themanini siku ya tatu saa tisa alasiri, na sindano za Raheli mfukoni na fimbo mabegani, moja kila bega. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kwa jumbe, maana mchunga ng'ombe mmoja alimwona kutoka kilimani akatangulia kupeleka habari. Alikaa kwenye kigoda chake na kuwaambia ukweli wote bila kukohoa. Akawaambia habari ya barua, ya miezi miwili, ya kuku. Akawaambia yeye hakufunga kitu. Alisema vizuri, kwa utaratibu, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza, kwa kuwa macho yao yote yalikuwa kwenye mabega yake.

"Tulimtuma akarudishe moja," Jumbe Alute aliwaambia wenzake polepole, "na amewanyang'anya na ya pili."

Mnong'ono wa hofu ulipita, na ndani yake mlikuwa na fahari. Nathanaeli alijaribu tena. Akaeleza kwamba hii ya pili ilikuwa inazuia dirisha. Akasema kilichofunga reli ni karanga kutotosha. Hapo Damiani akainua uso.

"Karanga za nani?"

Karanga zilikuwa za Damiani, na za jumbe, na za kila mtu aliyekaa pale, ambao mwaka ule wa mwisho, kwa kuona bei haiwapendezi, walizificha maghalani mpaka zikaliwa na panya. Kila mmoja alizikumbuka zake. Kila mmoja alitazama chini, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakazitazama tena zile fimbo mbili. Damiani akasema kwamba Wazungu hawawezi kukubali kuwa wameshindwa na mtu mmoja, lazima watafute sababu ya kwenye karatasi. Wote wakaona amesema sawa. Jumbe akaagiza Nathanaeli aletewe togwa.

Nyumbani alimkuta Raheli anapepeta uwele uani. Alimpa sindano zake. Alizitundika zile fimbo mbili ukutani, ya Kinyangiri kulia, ya Singida kushoto, akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Ilikuwa kazi nzuri. Hata hivyo akatoka akaenda kukaa karibu na mkewe.

"Sikuifunga, Mama Kristina," alisema. "Niliwaambia wakakataa. Babu alipata barua mapema. Wale kuku hawakuwa wanakwenda likizo."

"Najua," alisema Raheli.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu anayekwenda likizo na kuku wake wote na jiwe la bizari. Nilijua treni ikiwa bado haijapinda."

Ungo uliendelea kwenda juu na chini. Nathanaeli aliyapitia maneno hayo kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko yake, na mfuko baada ya mfuko akakuta kitu: mlenda alioukataa, kigoda cha jumbe, ukuta usioingia mvua, michembe ya siku tatu. Alikumbuka kwamba mkewe hakuwahi, kabla ya hapo wala baada ya hapo, kutoa siri ya mtu.

"Ukawatangazia usharika mzima kwamba ni mimi."

"Niliwatangazia."

"Miaka tisa. Na hukuniambia."

Raheli aliweka ungo chini.

"Kazi walikuwa wameshakunyang'anya, Baba Kristina," alisema. "Mimi nikunyang'anye na kosa?"

Nathanaeli alikaa hapo mpaka kivuli cha tembe kikamfikia miguuni. Kisha aliingia ndani, akaishusha ile fimbo ya Singida, akatoka nayo uani pamoja na majivu na chupa ya mafuta ya nyonyo, akaanza kusugua wino.